Mianzi Uliyoiweka Rehani

Mama,

Kamwene. Nakuamkia hivyo, kwa lugha ya kwetu, kwa sababu hapa Mbeya sina wa kuniamkia kamwene. Nimepanga chumba mtaa wa Soweto, nyumba yenye wapangaji wengi, wote wanaongea Kinyakyusa. Nikipita wanageukia Kiswahili, wananiuliza habari za kazi, halafu wanarudi kwenye Kinyakyusa chao. Siku za mwanzo tulikuwa tunakaribishana chakula. Kisha mmoja wao alifika hospitali akanikuta maabara nimeshika kikopo cha choo cha mgonjwa. Tangu hapo kila nikiwakaribisha wameshiba. Napika kidogo, nakula peke yangu, naosha sahani moja.

Nilikumbuka siku niliyorudi nyumbani na cheti. Majirani walikuwa wananong'ona kuhusu mikono yangu. Ulinikabidhi mwiko mbele yao ukasema, "Songa wewe." Ukamega tonge la kwanza, ukala taratibu huku unawatazama. Ulipenda kunitania kwamba nimesomea kuchungulia. Hakuna anayenitania huku, Mama.

Sasa nikueleze habari za mianzi.

Uliiweka rehani kwa Baba Tumaini wa pale kijijini ili nipate ada ya kozi ya maabara kule Iringa. Mliafikiana ageme ulanzi, ile pombe ya mianzi, auze, faida iwe yake, mpaka siku tutakapomrudishia fedha zake zote. Ukafariki kabla sijapata kazi, na deni likabaki kwangu.

Kaka Edi alipita hapa na lori la mbao kutoka Mafinga. Tulikaa kwenye mkeka tukaupigia hesabu mshahara wangu. Tukatoa kodi, tukatoa mkaa na mafuta ya taa, tukatoa chakula. Kilichobaki kilitia huruma. Edi akanitazama akasema, "Mimi nabeba mbao, sikusoma, na bado nakuzidi mshahara. Mianzi ni majani tu, mdogo wangu. Nunua kitanda."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikiinamia darubini najiuliza kama cheti hiki kilistahili gharama yake, na wa kumuuliza hayupo.

Lakini kabla hajaondoka Edi aliniambia jambo jingine. Baba Tumaini anakata kila chipukizi ili agemee ulanzi. Wewe katika kila shina ulikuwa unaacha machipukizi mawili matatu yakue, kwa sababu mwanzi ukishagemwa haukui tena, na shina lisiloachiwa watoto linakufa. Hata tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa ulikuwa unarudi kule mahame, tulikohama, kuyahesabu, ukimgombeza yeyote aliyesogea na panga. Basi nikaelewa kwamba nikisubiri mpaka nijiweze, nitakomboa visiki.

Kitanda sikununua. Nilichukua zamu za Jumapili za wenzangu kwa malipo kidogo, nikala maharage mpaka nikayachukia. Pasaka hii nikapanda basi hadi kwetu, fedha nimezifunga kwenye upindo wa khanga yako ile ya kahawia.

Baba Tumaini alizihesabu, akarudia, akasema zimetimia. Mkewe akaniletea kikombe cha mtogwa, ule ulanzi mtamu wa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kumsema mumewe kwa kukata ovyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, ndipo Baba Tumaini akaniambia, "Mama yako alikuwa anakuja hapa kununua kikombe. Analipa kama wateja wengine, hakutaka nimpe bure. Akionja anasema, 'Ada ya mwanangu leo imekolea.'"

Mama, mimi uliniambia umeacha ulanzi kwa sababu ya tumbo. Kila likizo nilikuuliza, na kila likizo ukashika tumbo, kumbe hukutaka nijue unanunua ulanzi wa mianzi yako mwenyewe.

Nilikiweka kikombe chini. Sikumsema tena Baba Tumaini. Nilikwenda mahame peke yangu. Mashina mengine yamekauka kabisa, siwezi kukuficha. Lakini upande wa bondeni nimekuta machipukizi yaliyotoka baada ya mvua za mwisho, membamba, hayajaguswa. Nilikaa pale nikakulilia kwa sauti, maana hapakuwa na mpangaji wa kunisikia.

Edi akiuliza kama kozi ililipa, bado sitakuwa na hesabu nzuri ya kumwonyesha. Nitamwambia tu kwamba mianzi ni yetu.

Nimerudi Soweto sasa. Kuna ukungu, na mkeka una baridi. Msimu ujao hatakata mtu hata chipukizi moja, nimemwachia Edi amri hiyo na ameapa. Msimu unaofuata nitaomba likizo, nitagema mwenyewe, na nitaacha mawili matatu kila shina kama ulivyonifundisha.

Pumzika, Mama. Kikombe cha kwanza nitakuletea hapo ulipolala. Safari hii hulipi.

Mwanao wa kuchungulia