Kosa la Upande Wetu

Bukoba, Jumapili

Mdogo wangu Sekela,

Hamjambo huko Mbozi? Kifua cha Baba kimepoa, au baridi ya mwezi huu imekirudisha tena? Mimi mwili ni mzima, ndizi nimezizoea. Wenyeji wa huku wanaanika kahawa mbele ya nyumba kama sisi, ila wao huianika na maganda yake. Nikipita hapo nakukumbuka wewe.

Hili ninaloandika nimeshindwa kukuambia kwa simu. Nakuomba usome mpaka mwisho. Linamhusu Chanda.

Unajua kazi niliyokuwa nafanya Tunduma. Mitandao ya nchi mbili haijuani yenyewe. Lazima kila upande uutangazie mwenzake njia zake: ukitaka kufika kwetu, pita hapa. Mimi niliandika za kwetu kwenye swichi ya Tunduma, Chanda akaandika za kwao kule Nakonde, upande wa Zambia. Kwenye swichi yangu kulikuwa na kichujio, yaani orodha ya kuzuia njia zisizohusika zisivuke. Jumamosi moja asubuhi nilikitoa nijaribu kitu kidogo, nikasahau kukirudisha, nikaenda kula. Swichi ikaanza kuwatangazia Wazambia njia za dunia nzima, kana kwamba zote zinapita Tunduma. Mawasiliano ya watu wote yakajazana kwenye waya wetu mwembamba, yakakwama. Niliporudi, kompyuta za mpakani zilikuwa zimeganda na madereva wa malori wanagombana na mawakala wa forodha barabarani.

Bosi akapiga simu kutoka Mbeya. "Eliza, kosa ni la upande gani?"

Nilikuwa nimekwisha kuliona. Nikasema, "La wenzetu wa Nakonde, bosi."

Kisha nikakirudisha kichujio. Nilidhani wakubwa wataandikiana barua za ukali, yaishe. Wiki iliyofuata Chanda akafukuzwa kazi.

Washenga wake walikuwa waje baada ya Pasaka. Wewe ukapata ujumbe mmoja tu: usinisubiri. Siku mbili hukutia kitu mdomoni. Jumapili ile Mama akasema wakati wa kula, "Watu wa ng'ambo ndivyo walivyo. Anakuita mayo, mama kwa lugha yao, anakunywa chai yako, kisha anakupa kisogo." Nyote mkanitazama, maana mimi ndiye niliyemleta nyumbani. Nikaomba chumvi.

Wiki iliyopita nilipata namba yake. Anatengeneza simu Kitwe. Nikamweleza yote.

"Nilijua siku ileile, mulamu," akasema. Bado ananiita shemeji, kwa Kibemba chake. "Swichi yangu iliandika hata dakika ambayo njia zenu zilimwagika kwangu. Nilichapa ile karatasi."

"Mbona hukuwaonyesha?"

"Ningewaonyesha, ungefukuzwa wewe. Halafu ningeingia kwa mama yenu na uso gani? Nikasema nitapata kazi nyingine, nije nimwoe Sekela. Kazi haikupatikana. Nikaona haya."

Akauliza kama hujambo. Nikamwambia hujambo, hujaolewa.

"Mimi nina mke," akasema. "Na binti, bado ananyonya."

Bosi nimemwandikia ukweli. Amejibu kwamba ni mambo ya zamani, nisiyafukue. Kwake yameisha hivyo. Kwako hayawezi kuisha hivyo, mdogo wangu. Huyo mwanaume hakukuacha. Mimi nilimwondoa kwa mdomo wangu, kisha likizo mbili nzima nikakaa nawe jikoni, tunachambua maharage, wewe unamlaani na mimi naitikia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Desemba nakuja, kama hutaki nifikie nyumbani, sema, nitafikia kwa Shangazi, kule Vwawa. Mama nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Ila mpaka nifike, mtu yeyote akimtukana Chanda hapo nyumbani, mtajie jina langu.

Nisalimie Baba, Shangazi na cherehani yake, na Baba mdogo anayepiga tarumbeta kanisani. Mama mwambie namkumbuka. Leo sina maneno mengine ya kumtumia.

Ni mimi dada yako,
Eliza