Nondo Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkwe

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie maana mwenzio silali wala sili, na hapa Bagara sina mtu wa kumwambia. Mimi ni fundi redio, nimeoa huko Singe, binti wa mjane mmoja, na mwezi wa pili mama mkwe aliniomba nimwekee soketi ya pasi karibu na swichi ya taa, nami kwa kutaka sifa za mkwe mwema nikakubali papo hapo, ila unajua hali ya sasa, maduka matupu, sabuni yenyewe ni foleni, waya wa umeme ndiyo usiulize, nilikuwa na kipande kimoja tu, basi waya wa moto nikauchukua palepale kwenye swichi, na kwa kuwa swichi ile haina waya wa kurudishia umeme nami sikuwa na waya wa kufika darini unakopita, nikatoboa ukuta nikaufunga wa kurudishia kwenye nondo niliyoichimbia ardhini nyuma ya nyumba. Pasi ikapata moto, ingawa kivivu, na mama akanibariki mbele ya watu.

Nondo ilibaki imechomoza juu, mama akaona inafaa, akafunga hapo seng'enge ya kuanikia nguo. Jumamosi ya kabla ya Pasaka mke wangu Xaveria alikwenda kumsaidia, yeye yuko ndani anapiga pasi, mama yuko nje anaanika, wingu limetanda na radi inanguruma upande wa Bonga, mara mama akashika seng'enge, akatupwa chini, na mkono wake wa kuume una ganzi hadi leo. Xaveria ndiye aliyetoka mbio akamwinua.

Shemeji yake mama, Mzee Kasimiri, akasema ni radi, na kwetu sisi tuliotoka Mbulu aliyepigwa na radi hukaa kando na watu mpaka atakaswe, kwa hiyo mama, na Xaveria aliyemgusa, wametengwa kwenye boma lile, hakuna kuingia wala kutoka hadi mavuno, chakula tunawawekea langoni. Mimi nilijua siku ileile kwamba si radi, ni nondo yangu. Kuingia kung'oa nondo siwezi, nitaonekana, na nikisema ukweli nimekwisha, nani atampa kazi fundi aliyemuumiza mkwewe? Nimewapelekea habari tu kwamba wasipige pasi kwa sababu umeme ni mdogo. Je, nisubiri watakapotolewa ndipo niing'oe kimyakimya?

Aniceti, Bagara, Babati


Ndugu Aniceti,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na huruma nimekuonea mara moja. Shida ya waya tunaijua sote, na kutaka kumpendeza mkwe si dhambi. Lakini wewe ni fundi. Ulijua kwamba ardhi si waya, na kwamba pasi ikichomekwa ile nondo inakuwa na umeme wa kuua. Ungemwambia, "Mama, waya haujapatikana, tungoje," angengoja, akaendelea na pasi yake ya mkaa kama sisi wengine.

Sasa unaniuliza kama usubiri. Usubiri nini? Mzee Kasimiri simlaumu, anawakinga majirani kwa jinsi alivyoelewa. Wewe uliyeelewa ndiye uliyejificha nyuma ya desturi yake, ukaacha wanawake wawili wafungiwe pamoja na kitu chenyewe kilichomwangusha mama. Na huo uongo wa umeme mdogo utawazuia siku ngapi? Ipo siku Xaveria ataona taa inawaka vizuri, atataka kutoka humo na gauni lililonyooka, atachomeka pasi, na mama yake yuko nje anaanika kwa mkono mmoja.

Unaogopa kukosa kazi. Utaikosa, kwa muda, na unastahili. Watu wataanza kukuamini tena siku watakapokuona unakataa kufunga kitu kwa sababu vifaa havijatimia.

Barua yako imechukua siku kumi na moja kunifikia, na gazeti hili nalo litachukua zake, jambo linalonitia hofu kuliko yote uliyoandika. Kwa hiyo ondoka hapo ulipo, nenda Singe sasa hivi. Usiruke boma la watu. Simama langoni, sauti inafika. Ukitoka hapo nenda kwa Mzee Kasimiri, umweleze yote mbele ya wazee wenzake, umwombe ruhusa ya kuingia ung'oe nondo na soketi yako, na mama apelekwe hospitali ule mkono utazamwe. Watakaswe au wasitakaswe, hilo waachie wazee.

Ila pale langoni usianze kwa kuomba radhi. Mwite mkeo kwa jina, mwambie azime swichi kuu na asiiguse tena. Radhi utaiomba baadaye, ukiwa bado na watu wa kuwaomba.