Mabomba Meupe ya Galen

Jumanne, 8 Agosti 2006

Nimerudi kutoka sokoni nikakuta boneti ya Nova, gari letu la mbio, wazi na mabomba ya ekzosi hayapo. Hayapo! Yote manane yamefunguliwa, injini imebaki matundu matupu. Namuuliza mdogo wangu Galen yako wapi. Anajibu huku anatafuna: nimeyapeleka mjini Fort Wayne yakapakwe dawa ya kuzuia joto, Ijumaa yanarudi.

Gari ni letu wawili, nusu kwa nusu. Mimi ndiye dereva, mwaka wa kumi na tisa huu. Hata kuniuliza!

Eti joto likibaki ndani ya bomba, moshi unatoka mbio, injini inapumua vizuri. "Nguvu ya bure, dada." Amesoma wapi? Kwenye jarida, kwenye tangazo la wauza dawa wenyewe. Sasa nani atakwambia nyanya zake zimeoza?

Jumatano, 9 Agosti

Sijalala vizuri kwa hasira. Nimemwendea asubuhi kabla hajanywa kahawa.

Nimemwambia: Galen, hata kama dawa yako ingeongeza kasi, kasi ya nini? Mbio zetu si za mwenye kasi! Unaandika sekunde zako kwenye kioo kwa rangi nyeupe ya viatu, wote wanaona. Mwenye gari la polepole anatangulizwa kuondoka. Ukifika upesi kuliko ulichoandika, umejitoa mwenyewe. Anayeshinda ni yule ambaye gari lake linarudia muda uleule, na mguu wake hauchelewi taa ya kijani. Kurudia! Hilo tu. Mtu umekulia uwanjani, unahitaji kufundishwa na dada yako?

Akajimiminia kahawa. Halafu ndipo ukweli ukatoka. Anataka mkwe wake Trent ndiye aendeshe. "Macho yako, dada. Umri huo." Miaka hamsini na nane! Nasoma Biblia bila miwani!

Basi nami nikapandwa na mori nikasema: tuwekeane dau. Dawa yako ikisaidia gari, wewe ndiye mwenye kauli, mweke kwenye kiti umtakaye. Isiposaidia, usitamke tena neno kiti mbele yangu. Tukapeana mikono. Trent alikuwa mlangoni, akatikisa kichwa. "Shangazi, mngeandika kwanza maana ya kusaidia." Nikamwambia akanywe kahawa.

Ijumaa, 11 Agosti

Mabomba yamerudi. Meupe, yanang'aa kama vijiko vya harusi. Galen anayapapasa utadhani mtoto mchanga. Nimekaza bolti mwenyewe, zote. Sijasema kitu.

Jumamosi, 12 Agosti

Uwanja wa Tatlow, siku ya majaribio. Saa tatu asubuhi, mvua ilinyesha usiku, hewa baridi. Nikapita robo maili: sekunde 11.41. Mwezi uliopita tulikuwa 11.48. Galen akaruka! Akacheza mbele ya watu, tumbo lile! "Mia saba! Mia saba!" Anataka kusema sehemu saba za mia ya sekunde, lakini kwa furaha hata kuhesabu kumemshinda.

Nikamwambia shuka, wewe. Mwezi uliopita ilikuwa jua la kukaanga yai kwenye lami. Leo baridi. Hewa baridi inaipa injini nguvu hata ungepaka mabomba siagi! Anajua hilo, tangu utotoni anajua. Ila mtu akipenda chongo huita kengeza.

Nikangoja. Saa sita, jua kali kama la mwezi uliopita. Nikapita tena: 11.47.

Mia moja! Sehemu moja ya mia, ambayo hata upepo wa nyuma unaleta. Nikamwonyesha karatasi ya muda inayochapwa na uwanja. Akasema mashine ya kupimia ya uwanja mbovu. Asubuhi ilikuwa nzima! Nimekula sandwichi ya nyama ya nguruwe, ile ambayo nyama huuzidi mkate pande zote, na nimeimaliza mbele yake. Nimeshinda.

Trent peke yake hakucheka wala kununa. Alishika kabureta, ile inayoilisha injini petroli, kwa mkono mtupu mara tu niliposimama. "Haichomi, shangazi." Nikasema vizuri, basi pikia chai kwingine.

Jumapili, 13 Agosti

Naandika ndani ya trela, kwa haraka. Mashindano yenyewe. Kanisani nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho, Mungu atanisamehe.

Tumebaki magari manne. Nimepita raundi tatu, kila moja dakika ishirini baada ya nyingine, hakuna nafasi ya kupoza injini. Siku zote Nova huchoka hapo: raundi ya kwanza sawa, ya pili inazembea, ya tatu imechemka, nami nakisia tu cha kuandika kwenye kioo. Nikishindwa nasema gari lilichemka. Miaka yote nasema hivyo. Na lilikuwa linachemka kweli!

Leo: 11.47. 11.47. 11.47.

Nimeziangalia mara tatu. Jua lilelile, injini ileile, na muda haujasogea hata sehemu moja ya mia. Joto linatoka na moshi, haliko tena chini ya boneti. Kurudia, nilisema. Hilo tu! Nilisema mwenyewe, kwa mdomo huu, na kidole nikamnyooshea. Nina hasira. Na sijui hata namkasirikia nani.

Kuna namba nyingine juu ya karatasi. Muda kati ya taa ya kijani na mguu wangu. Raundi ya kwanza, sehemu tatu za mia ya sekunde. Ya pili, saba. Ya tatu, kumi na mbili. Kumi na mbili! Nimepita kwa sababu wapinzani wote watatu walikimbia zaidi ya walichoandika wakajitoa. Siyo mimi. Wao.

Gari halijachoka leo.

Nje Galen anapiga kelele: dada, lete hizo karatasi nione gari linasemaje! Anataka namba za gari tu, maskini, bado anadhani jana alishindwa dau letu. Lakini za gari na zangu zimechapwa kwenye karatasi moja; akiisoma, kauli ya kiti ni yake.

Spika inaita namba yetu. Mara ya pili sasa. Galen anakuja, namsikia kwenye kokoto. Dirishani namwona Trent ameshafungua mlango wa Nova. Amesimama kando yake, kofia yangu ya mbio mkononi, anangoja, na karatasi bado ninayo.