Niendee Mabwawani

Sándorfalva, 9 Desemba

Kwako Lilla,

Hujambo mwanangu? Huko Pécs baridi unaionaje? Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Huku chini niliteleza uani nikiwapelekea kuku maganda, nyonga ikavunjika. Nimepasuliwa, nimetiwa chuma, na madaktari hawaniachi kutoka hospitalini hadi nijue kutembea upya kama mtoto.

Tangu wewe na Gergő muachane sijakuandikia. Sikujua nikuite nani. Lakini nina ombi, na sina mwingine wa kumwomba. Korongo wameshatua mabwawani, nami dirisha langu linatazama ukuta. Kila msimu wa baridi tulikwenda pamoja. Mwaka huu niendee wewe, kisha niandikie ulichokiona, usinipunje.

Gergő nilishamtuma. Akarudi na habari moja tu: “Mama, kuna ndege.”

Aliyekuwa mama mkwe wako,
Etelka

Pécs, 17 Desemba

Mama Etelka,

Shikamoo. Pole sana kwa nyonga. Nimelia, halafu hiyo “kuna ndege” ikanichekesha peke yangu kama mwehu.

Lakini kuja siwezi. Kijiji kizima kitasema mtalaka anajirudisha. Tena, nikuambie kweli: siku niliyobeba masanduku hukutoka hata kuniaga. Nikajua umesimama na mwanao, na ni haki yako.

Ugua pole.
Lilla

Pécs, 14 Januari

Mama,

Shikamoo. Umeendeleaje? Hukunijibu, Krismasi ikapita, mwaka ukageuka. Kimya chako kimenishinda. Jumapili nimekwenda.

Sikufika hata kwenye tuta la mabwawa, jirani yako Bi Rozália akanidaka langoni kwake. “Ehe, mtalaka! Umesahau nini huku?”

“Nimesahau ndege, Bi Rozália.”

“Ndege!” Akanipima juu hadi chini. “Basi vaa kitambaa changu, masikio yatakukatika.” Akanifunga mwenyewe, akiguna.

Ukungu ulikuwa mzito, matete yamevaa sakitu, umande ulioganda. Nikasimama ulivyonifundisha: mdomo umefungwa, miguu imetulia. Kwanza wakaja wale ndege wadogo wenye masharubu, wakining'inia kwenye matete karibu na uso wangu, wakipiga soga kama mimi sipo. Kisha nikasikia korongo kabla sijawaona. Sauti ikapanda kutoka majini, ukungu ukapasuka, wakainuka wote, Mama, mstari juu ya mstari, mpaka mbingu ikakosa nafasi. Nilisahau darubini shingoni.

Na yule tai mkia-mweupe yupo. Alitua katikati ya barafu, bata wote wakajikunyata upande mmoja. Akatembea taratibu, manyoya ya miguu yakitikisika, kama bwana harusi aliyeazima suruali ya mjomba wake. Halafu akafungua mabawa, na kicheko kikaniisha. Aliruka kama mwenye nchi.

Nikanyoosha mkono kukuvuta koti: “Tazama!” Mkono ukashika hewa.

Nijibu, hata kwa kunigombeza.
Lilla

Sándorfalva, 21 Januari

Lilla wangu,

Marahaba, marahaba. Natembea kwa fimbo mbili mpaka mwisho wa korido, na kurudi nikitukana.

Sikunyamaza kwa hasira. Niliandika nikachana, nikaandika nikachana. Siku ile ya masanduku nilikuwa jikoni, nakuokea vimkate vya pogácsa vya njiani. Nilitaka uvipate vya moto. Nilipotoka, gari lilikuwa limeshaondoka. Nikawabwagia kuku. Ningeweza kukimbia barabarani na aproni yangu, lakini niliona haya. Haya ya nini, hata sijui.

Gergő nimemwambia nimekuandikia. Akauliza, “Mama, kwani nimeachana naye mimi au mmeachana nyie?” Nikamjibu, “Wewe.” Kisha akasema mabwawani barabara ni mbovu, uje na matairi mazuri.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Yule bibi wa kitanda cha dirishani, ambaye tangu aletwe hajafungua mdomo, akasema, “Rudia hapo kwa tai.” Nikarudia. Akasema, “Tena.”

Muuguzi naye alikuwa amesimama mlangoni na trei yake. Akaniuliza nani anaandika hivyo.

“Binti yangu,” nikasema.

“Si una mtoto wa kiume tu?”

“Huyu nimemzaa ukubwani.”

Mama yako,
Etelka