Eshapma isiyopiga hodi

Jumanne. Upepo wa ziwa unapiga mabati tangu asubuhi, na mimi nimenuna.

Katika Kalemie nzima hakuna mzee anayejua pikipiki kuliko mimi. Nimefanya kazi ya reli miaka mingi, chuma kinanijua.

Haya, basi. Huko reli nilikuwa ninapaka mabehewa rangi. Chuma kinanijua kwa brashi.

Juma lililopita eshapma ya pikipiki yangu, lile bomba la moshi, ilitoboka matundu mawili. Nikipanda kilima cha kwetu, mbwa wanahama. Makanika Kasongo akaigeuza-geuza, akasema: "Papa Feza, hii ya zamani naweza kuunga. Ama kamata ya mupya, ya kimya. Hata mbu hatakusikia."

Nikachagua ya kimya.

Nyumbani nilisema ni kwa heshima ya kanisa, maana Jumapili nilifika katikati ya maombi na watu wote wakafungua macho. Mungu anajua. Nilitaka kwenda kuonja lutuku, ile pombe kali, bila Mama Feza, mke wangu, kuhesabu safari zangu.

Jana saa sita mchana nikarudi, nimepita huko kidogo. Pikipiki inateleza kama mtumbwi. Nikafika mpaka mlango wa jikoni, hakuna aliyegeuka.

Mama Feza na jirani yetu Mama Sofi walikuwa wameinamia sahani. Katikati ya sahani, kichwa cha samaki kuhe, kinono, kimeshafumuliwa shavu moja.

Tangu tuoane, kichwa cha samaki katika nyumba hii kinaibwa na paka. Paka yule nimemlaani, nimemtupia viatu. Hata alipokufa niliendelea kumlaani, maana vichwa havikuacha kupotea.

"Kumbe njo wewe paka wa hii nyumba," nikasema.

Mama Feza hakushtuka. Akalamba kidole kwanza. "Na wewe njo mwizi? Muntu anaingia kwake bila hodi?" Kisha akanusa hewa. "Mama Sofi, sikia harufu. Siku hizi kanisa iko na lutuku mpaka Jumatatu."

Mama Sofi akacheka mpaka mwiba ukamkwama. Tukampiga mgongo, mimi na mke wangu, kwa ushirikiano mzuri.

Bukari, ugali wangu wa mchana, hakuna.

Hapo nikaelewa. Ile eshapma ya zamani ndiyo iliyokuwa hodi yangu. Mama Feza akiisikia chini ya kilima, anaweka maji motoni na kuficha sahani yake. Nikifika, bukari inafuka, na nyumba nzima ni watakatifu. Sasa amesema hatagusa sufuria mpaka anione kwa macho. Leo nimekula saa tisa.

Kichwa cha samaki ninamwachia. Kimekuwa chake miaka yote, na mimi sikufa. Bukari ya moto ndiyo siwezi kuiacha.

Kasongo, najua unasoma hapa. Nimeona umeitundika eshapma yangu ya zamani mlangoni pako iwe alama ya duka. Siku ile baba mkwe wako alipokuja kukutafuta, nani alimwambia umekwenda Kabimba kikazi, nawe umelala chini ya kitanda changu? Sijakuomba kitu tangu siku ile.

Ishushe, unirudishie. Uunge lile tundu kubwa tu. Lile dogo uliache.