Chini ya Mita Moja

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta unakula, walau kidogo, na kwamba Mama bado yuko nawe. Kikohozi cha kitinda mimba kimepoa? Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Nimerudi kazini wiki ya pili sasa. Chumba cha kufulia cha hospitali kimefunguliwa, na vile vitoroli vinavyojiendesha vinabeba mashuka kutoka mashineni hadi kwenye lifti kama kwamba hakuna kilichotokea. Kamera za darini ndizo zinazoviamuru kusimama mtu anapokatiza. Shemeji alikuwa akiviita mabwana harusi, maana vinakwenda taratibu, vimejaa nguo nyeupe, na kila mtu anavipisha. Wenzake walikuwa wakicheka mpaka basi. Siku hizi hakuna anayevitania.

Ripoti ya uchunguzi imetoka. Msimamizi alitusomea kwamba mumeo alivuka mstari wa njano wa njia ya vitoroli bila kuangalia, hivyo kosa ni lake mwenyewe. Yule mama wa kupiga pasi, aliyefanya naye kazi miaka tisa, alidakia kwamba mtu yule alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote. Akaambiwa akae. Alikaa, akalia mbele za watu. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango, nikitazama viatu vyangu.

Ilivyokuwa ni hivi. Asubuhi ile shuka lilidondoka njiani. Shemeji akapiga magoti, akainama kulikusanya. Unamjua, hakuweza kuona kitu kimelala chini akakipita. Kitoroli kikaja na mzigo wake mzito, hakikusimama. Kilimbana kwenye mashine ya kukaushia, kikaendelea kusukuma mpaka mtu alipokimbia kuzima umeme.

Dada, ripoti haisemi kwa nini hakikusimama. Anayejua ni mimi.

Mwezi mmoja kabla, msimamizi alilalamika kwamba vitoroli vinasimama ovyo kila taulo linapoanguka, na wadi zinangoja mashuka. Akaniambia, "Fundi, hebu vifundishe kutofautisha mtu na nguo." Kazi ile ilitaka wiki mbili za majaribio. Mimi niliimaliza kabla ya chai. Niliiamuru mitambo ipuuze chochote kilicho chini ya mita moja kutoka sakafuni. Nilijua mtu huinama. Nikajiambia, nani atainama pale?

Na si hilo tu. Jioni ya siku ya ajali, kabla wachunguzi hawajafika, nilirudisha kila kitu kama zamani. Ndiyo maana walipovijaribu, vilisimama vizuri, na lawama ikamwangukia marehemu. Siku ya mazishi ulinishika mkono ukaniambia kwamba bila mimi usingeweza kusimama. Nami nikauacha mkono wangu mkononi mwako.

Juzi nilimwandikia mkaguzi wa kazi yote haya na kutia sahihi. Ameniita Jumatatu, saa tatu. Huenda nisirudi nyumbani. Sikuombi msamaha kwa karatasi. Ingekuwa rahisi mno kwangu.

Msalimie Mama. Watoto usiwaambie kwa niaba yangu. Nikiachiwa, nitakuja kuwaambia mwenyewe, kama utanifungulia mlango.

Ni mimi,
Mdogo wako