Dirisha Machoni

3 Machi

Shikamoo Bibi, mke wangu usiyezeeka,

Natumaini goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kazi. Uliniuliza ninafanya nini hasa humu ofisini, basi kaa nikueleze. Wasichana wa kile kiwanda cha kampuni alikokwenda dada hupigwa picha, zikapelekwa makwao. Kabla hazijatumwa zinapita kwangu, nami nazitia nuru machoni. Jicho lisilo na nukta ya mwanga, hata mtu akicheka, anaonekana maiti. Kwa hiyo nafuta kilichomo kwenye mboni, naweka kidirisha cheupe cha vioo vinne. Nimekibuni mwenyewe, najivunia. Kwenye kompyuta nalikuza jicho moja moja mpaka linajaza kioo, hata sura za watu sizioni. Natengeneza picha mia kwa siku, Bibi.

Dada amekuandikia? Kwangu kimya, au ndiyo kashaota mapembe?

Mumeo

19 Machi

Marahaba, mume wangu mvivu wa kuandika,

Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Leo nina furaha. Baada ya miezi mitano ya kimya, picha ya dada yako imefika. Amekonda, lakini macho yake, jamani, yanameta. Nikavaa miwani nikamtazama vizuri, nikaona hadi dirisha la chumba chake, kubwa, lina vioo vinne. Nikasema, kumbe mwanangu analala penye hewa. Moyo umetulia.

Ndiyo maana mdogo wenu aliponiomba tena amfuate dada yake, nilikosa kisingizio. Nimekubali. Wakala wa kampuni atamchukua tarehe nne Aprili. Mtumie neno la kheri.

Mkeo

26 Machi

Shikamoo Bibi,

Leo sina utani. Mdogo wangu asiende. Hilo dirisha nimelichora mimi. Macho ya dada yamepita mikononi mwangu na sikumjua. Nimeitafuta picha yake ya kwanza, kabla sijaigusa. Chumba kile hakina dirisha. Mboni ukiikuza unaona alichokuwa akikitazama: mlango umetiwa komeo, na mwanamume ameuegemea, fimbo mkononi.

Vitu vya namna hiyo nimevifuta miezi yote hii. Nilikuwa naona miguu, naona komeo, nasema hayanihusu, nafuta. Naona aibu hata kukuandikia. Mpeleke kwa shangazi, wakala asimwone. Nijibu upesi.

Mjukuu wako

11 Aprili

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeipata jana, bahasha imefunguliwa ikabandikwa gundi upya. Mdogo wako ameshaondoka. Wakala alikuja tarehe mbili, akasema gari limewahi. Mtoto alibeba begi lake anacheka.

Asubuhi nimekwenda ofisini kwa wakala, nikamwambia namtaka mjukuu wangu. Alinipa kiti. Kisha akasema taratibu, "Shikamoo, mke wangu usiyezeeka." Akaniuliza goti linaendeleaje. Maneno hayo ni yetu wawili.

Ondoka hapo. Usifungashe nguo, ondoka ulivyo. Barua hii siitii posta, nampa dereva wa lori akukabidhi mkononi.

Bibi yako

18 Aprili

Mume wangu,

Dereva amenirudishia barua yangu. Anasema kiti chako amekikalia mtu mwingine, anachora macho, na kwamba hakujui. Mwenye nyumba wako amemwambia ulitoka Jumatatu kwenda kazini, sufuria umeiacha jikoni na maharage ndani. Sijui hii niipeleke wapi, lakini nikinyamaza nitapasuka.

Nimepita kwa majirani waliotoa wasichana, nyumba saba. Tumezipanga picha kitandani kwangu, tukapokezana miwani. Dirisha ni lile lile, kila jicho. Mama mmoja alikuwa ameitundika ya kwake sebuleni, ina fremu na kila kitu. Aliitazama, akakaa chini sakafuni.

Mimi mkunga, nimepokea watoto na kuwatazama macho kabla ya mama zao, nikadanganyika kwa sababu nilitaka kudanganyika. Hilo sijisamehe, na wewe usijisamehe haraka.

Kesho tunapanda basi wote wanane, na picha zetu mkobani. Tunaanzia ofisini kwako. Naogopa, mume wangu, naogopa sana. Kama uko mahali unaposikia, ukisikia wanawake wanawaita watoto wao, na wewe itika.

Mkeo